Mtoto Hukua, Amri ya Mahakama Nayo Ikue

Wahenga walinena, “Kuzaa si kazi, kazi ni kulea.” Kila mwaka naiandika methali hii ubaoni tunapofika somo la vitenzi na nomino zinazotokana navyo. Kutoka -zaa tunapata mzazi, uzazi na kizazi. Kutoka -lea tunapata mlezi, ulezi na malezi. Wanafunzi huandika, hufunga madaftari, na somo huisha. Lakini hutokea mmoja akainua mkono na kuuliza: “Mwalimu, na wazazi wakiachana, nani analea?”

Swali hilo ni bora kuliko somo lenyewe. Mimi ni mwalimu wa lugha, si wakili, na ningeweza kulikwepa. Sitalikwepa, kwa sababu watoto wa waliotengana wameketi katika madarasa yetu, na kwa sababu majibu wanayopewa mitaani na vijijini ni mabovu. Mmoja ataambiwa, “Mahakama ilishasema, mambo yamekwisha.” Mwingine ataambiwa, “Ng’ombe walitolewa, mtoto ni wa ukoo wa baba.” Wa tatu ataambiwa, “Baba yako hajatuma fedha, basi hutamwona.” Yote matatu ni makosa, na anayelipia makosa hayo ni mtoto.

Hoja yangu ni hii. Amri ya malezi na matunzo si mali ya baba wala ya mama, wala si kombe la aliyeshinda kesi. Ni mali ya mtoto. Mtoto hukua, mahitaji yake hubadilika, na hali za wazazi wake nazo hubadilika. Amri inayoachwa vilevile huku maisha yamegeuka huwa dhuluma yenye muhuri. Lakini anayeibadilisha kwa mkono wake mwenyewe, bila kurudi mahakamani, anatenda dhuluma ileile kwa kupitia mlango wa nyuma.

Tuanze na maneno

Mjadala mbovu huanza na maneno yaliyochanganywa, kwa hiyo tuyatenganishe.

Talaka huvunja kifungo cha mume na mke. Ikishakamilika imekamilika; ni tendo la wakati uliopita, kama kitenzi chenye -li-. Ila mtoto hataliki wala hatalikiwi. Baba hubaki baba na mama hubaki mama.

Malezi ni swali la mtoto kukaa na nani, na nani anamwamulia mambo ya kila siku: shule, dini, matibabu, safari. Matunzo ni swali la nani anagharimia chakula, mavazi, ada, dawa na paa juu ya kichwa chake. Haki ya kumwona mtoto ni swali la tatu, linalomhusu mzazi asiyekaa naye. Mahakama inaweza kuyajibu maswali haya matatu katika karatasi moja, lakini hayawi swali moja kwa kuandikwa pamoja. Tutaona madhara ya kuyachanganya.

Wengine watauliza kwa nini jambo hili lijadiliwe kwa Kiswahili, na tena hapa West Nile, ambako watu wanazungumza Kikakwa, Kilugbara, Kinubi na lugha nyingine. Nitajibu kwa ufupi. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Hapa kwetu Kiswahili kilikuwapo kabla ya hapo, kambini na sokoni. Lakini lugha inayojua kutoa amri ya gwaride na kupatana bei ya ufuta, isijue kudai ada ya mtoto, bado haijawa lugha ya raia. Nataka wanafunzi wangu wawe na maneno ya kudai haki.

Mfano wa Abuku

Nitatunga mfano, nisimguse mtu yeyote aliye hai. Lakini atakayeusoma Koboko hatasema kwamba haujawahi kutokea.

Mwaka 2013 mume na mke wanaachana. Wana binti mmoja wa miaka 4. Mahakama inaamuru binti akae na mama yake Abuku, na baba atoe shilingi 80,000 kila mwezi, tena awe na nafasi ya kumwona binti wakati wa likizo. Baba ni mfanyabiashara. Anavusha bidhaa mpakani Oraba kwenda Sudan Kusini, na biashara inamlipa.

Desemba mwaka huohuo vita vinazuka Juba. Julai 2016 mapigano yanarudi kwa ukali na kuenea Equatoria; wakimbizi wanamiminika West Nile kwa mamia ya maelfu, na kambi ya Bidibidi wilayani Yumbe inafunguliwa Agosti. Wateja wa baba yule wametawanyika, na wadeni wake ama wamekufa ama wamekimbia. Baba anaacha kutuma fedha. Haendi kwa hakimu kusema, “Mheshimiwa, hali yangu imeharibika, naomba kiasi kipunguzwe.” Ananyamaza tu. Mama akituma ujumbe, jibu ni moja: “Biashara imekufa.”

Mama naye anakasirika, na ana sababu ya kukasirika. Lakini anachofanya ni kumzuia binti asimwone baba yake. Likizo inafika, binti anafunga nguo zake, mama anazifungua. “Asiyelisha haoni,” anasema. Miaka mitatu inapita hivyo.

Kisha unakuja ugonjwa wa korona. Shule za Uganda zinafungwa Machi 2020 na hazifunguliwi kikamilifu hadi Januari 2022. Binti aliyekuwa mtoto mdogo anarudi darasani akiwa msichana. Mwaka 2024 ana miaka 15 na yuko shule ya sekondari. Anahitaji ada, sare, vitabu, sabuni na taulo za kike. Baba wakati huo ameinuka tena; ana duka mjini Arua. Ameanza kutuma fedha. Anatuma shilingi ngapi? 80,000. Akiulizwa, anaitoa karatasi ya 2013 mfukoni: “Amri inasema themanini. Mimi ni mtu wa kufuata sheria.”

Mwishowe binti mwenyewe anasema neno. Shule yake iko Arua, zaidi ya kilomita 50 kutoka Koboko mjini. Shangazi yake anaishi karibu na shule. Anaomba akae huko wakati wa masomo na arudi Abuku wakati wa likizo. Mama anakataa: “Mahakama ilinipa mimi.”

Sasa nikuulize, mwanafunzi wangu: katika mfano huu, nani amevunja haki ya mtoto? Ukijibu “baba” utapata nusu ya alama. Ukijibu “mama” utapata nusu nyingine. Baba alikosea mara mbili: alipopunguza matunzo hadi sifuri bila ruhusa, na alipojificha nyuma ya tarakimu ya zamani baada ya kupata nafuu. Mama naye alikosea mara mbili: alipomfanya binti rehani ya deni, na alipoigeuza amri ya malezi kuwa hati ya kumiliki. Katika miaka yote 11 hakuna aliyefanya jambo moja jepesi ambalo sheria inaliruhusu, yaani kurudi mahakamani na kusema, “Mambo yamebadilika.”

Sheria inasema nini

Watu wengi hudhani kwamba kurudi mahakamani ni kuidharau hukumu. Si kweli. Sheria yenyewe inatarajia urudi.

Sheria ya Talaka ya Uganda, ambayo asili yake ni mwaka 1904, inasema kwamba mahakama inaweza kutoa amri kuhusu malezi, matunzo na elimu ya watoto hata baada ya talaka kukamilika, na kwamba inaweza kuzibadilisha au kuzifuta amri hizo mara kwa mara. Tazameni maneno hayo: mara kwa mara. Sheria iliyoandikwa zama za ukoloni, tena ngumu kwa wanawake katika mambo mengine, ilijua kwamba mtoto hasimami mahali pamoja. Sisi wa leo tunajifanya hatujui.

Sheria ya Watoto ilipitishwa mwaka 1996 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016. Msingi wake ni kwamba katika kila uamuzi kuhusu malezi ya mtoto, ustawi wa mtoto ndio unaotangulia mambo mengine yote. Mahakama inaelekezwa kupima matakwa ya mtoto kulingana na umri na ufahamu wake. Mahitaji yake ya mwili, moyo na elimu. Madhara aliyopata au anayoweza kupata. Uwezo wa wazazi wake. Na athari za mabadiliko yoyote katika hali yake. Sheria inaonya pia kwamba kuchelewesha uamuzi kunaweza kumdhuru mtoto. Kwa hiyo binti wa miaka 15 anayeomba kukaa karibu na shule hamkosei mama yake adabu. Anasema jambo ambalo hakimu ametakiwa na sheria alisikilize.

Majirani zetu wamelisema hili waziwazi zaidi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inaipa mahakama uwezo wa kubadilisha au kufuta amri ya malezi au matunzo wakati wowote, kwa ombi la mhusika yeyote, ikiwa amri ilitolewa kwa udanganyifu au kwa kukosea ukweli wa mambo, au ikiwa hali imebadilika kwa kiasi kikubwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaeleza kwamba mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana. Katiba yetu wenyewe ya 1995 inasema kulea na kutunza watoto ni haki na wajibu wa wazazi. Haikuongeza maneno “ilimradi bado wanapendana.”

Hoja ya ng’ombe

Wapo wazee wetu, nami nawaheshimu, watakaosema haya ni mambo ya mjini. Watamwambia mama wa Abuku: “Binti yangu, ng’ombe walikuja kwetu, tukawala, wengine tukawaolea ndugu zako. Mtoto ni wa watu wa mume. Akifika umri, waje wamchukue. Mahakama itakuja kuamua nini hapa?”

Nawajibu kwa heshima. Mila ya ukoo ilikuwa na hekima ndani yake: ilihakikisha kwamba mtoto ana jina, ana shamba, ana wajomba na baba wadogo, na kwamba hakuna mtoto anayetupwa. Lakini tazameni inavyotumiwa leo. Ukoo unaodai mtoto kwa sababu ya ng’ombe mara nyingi haumlipii ada. Unakumbuka hesabu ya ng’ombe wa mwaka wa ndoa, na unasahau hesabu ya daftari za mwaka huu. Mila inayodai haki bila kubeba wajibu imeacha kuwa mila, imekuwa kisingizio.

Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kesi iliyofunguliwa na shirika la MIFUMI. Haikuyafuta mahari. Ilisema kwamba kudai mahari yarudishwe ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Tufikiri pamoja: ikiwa ng’ombe wenyewe hawawezi kudaiwa tena ndoa ikivunjika, mtoto atahesabiwaje kuwa chenji ya ng’ombe? Katiba yetu inakataza mila zinazovunja heshima na ustawi wa wanawake, na inamlinda mtoto asitenganishwe na familia yake ila kwa kufuata sheria. Ukoo una nafasi ya kutoa ushauri, shamba na msaada. Hauna nafasi ya kwenda usiku kumchukua mtoto ambaye mahakama ilimweka mahali fulani.

Neno hili linawahusu wa dini zote. Koboko ina Waislamu wengi, na ina Wakristo. Mmoja atakwenda kwa shehe, mwingine kwa padri, na ni vyema wapate nasaha huko. Lakini sheria ya ustawi wa mtoto haiulizi ndoa ilifungwa msikitini, kanisani au nyumbani kwa wazee.

Mtoto si rehani

Narudi kwenye kosa ninaloliona limeenea kuliko mengine: kuyafunga matunzo na haki ya kumwona mtoto kwa kamba moja. Baba husema, “Sitoi fedha kwa sababu sioni mtoto.” Mama husema, “Hutamwona mtoto kwa sababu hutoi fedha.” Kila mmoja anadhani amemkaba mwenzake. Waliyemkaba ni mtoto. Ndovu wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi hizi zina jina na zinakwenda shule.

Mtoto hali kwa sababu baba amemwona. Anakula kwa sababu ana njaa. Wala hamhitaji baba kwa sababu baba amelipa. Anamhitaji kwa sababu ni baba yake. Mzazi asiyelipa ashtakiwe, na mahakama ina njia za kumlazimisha. Mzazi anayemficha mtoto naye ashtakiwe. Lakini asiwepo mzazi wa kujilipia deni kwa machozi ya mtoto.

Nitasema na la upande wa pili, kwa sababu mjadala wa haki hauna mpendwa. Wapo walezi wanaopokea matunzo na kuyatumia kwa mambo mengine. Jambo hilo ni kosa. Mzazi anayeshuku hivyo asikate fedha. Aombe mahakama ibadilishe namna ya kulipa, kwa mfano ada ipelekwe moja kwa moja shuleni. Hayo nayo ni marekebisho ya amri.

Wasemao amri isiguswe

Ipo hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito, na sitaipita kimya. Inasema: mtoto anahitaji utulivu. Amri zikibadilishwabadilishwa, mtoto atakuwa kama mpira, leo Abuku, kesho Arua. Tena mzazi mwenye fedha na chuki atamburuza mwenzake mahakamani kila msimu hadi achoke na kuachia.

Hoja hii ina ukweli, na ndiyo maana sisemi amri ibadilishwe kwa kila kero. Pumbao la shangazi, ugomvi wa sikukuu, wivu kwa sababu mwenzako ameoa au ameolewa tena: haya hayatoshi. Kipimo kiwe mabadiliko makubwa, yanayoonekana na kuthibitishwa, yanayogusa maisha ya mtoto. Mzazi amepoteza kazi au biashara. Mzazi amepata mapato zaidi. Mtoto ameugua ugonjwa unaohitaji dawa za kila mwezi. Mtoto ameingia sekondari. Mlezi amehama, amelemewa na maradhi, au anamtesa mtoto. Thamani ya fedha imeshuka hata kiasi cha zamani hakinunui tena kilichokusudiwa.

Hakimu akiona mwombaji anatafuta kumsumbua mwenzake tu, amkatalie. Kazi yake ni hiyo. Lakini utulivu wa mtoto haulindwi kwa kuigandisha karatasi. Mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa ada hana utulivu, hata kama amri yake haijaguswa tangu 2013. Sare ya darasa la kwanza haimfai mtoto wa darasa la saba. Ukimlazimisha kuivaa, itapasuka, na aibu itakuwa yake, si ya fundi.

Njia ipo, ila ina miiba

Mzazi afanye nini? Kwanza, aitunze karatasi ya amri na kumbukumbu za malipo. Ujumbe wa fedha za simu ni ushahidi; usiufute. Pili, aende kwa makamu mwenyekiti wa baraza la kijiji, ambaye ndiye katibu wa mambo ya watoto. Huyu ana wajibu wa kusuluhisha panapovunjwa haki ya mtoto, na mwanajamii yeyote anayejua kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumtunza mtoto anatakiwa kutoa taarifa. Lakini baraza la kijiji haliwezi kuifuta amri ya mahakama. Wakipatana, mapatano yaandikwe na yapelekwe kwa hakimu ili yawe amri. Tatu, amwone ofisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, ambaye anaweza kuchunguza hali ya mtoto na kuieleza mahakama. Nne, apeleke ombi katika Mahakama ya Familia na Watoto. Au ikiwa amri ilitoka katika kesi ya talaka, arudi katika mahakama iliyoitoa.

Na hadi siku amri mpya itakapotoka, ile ya zamani ina nguvu. Baba wa mfano wetu angejua hili mwaka 2016, asingelimbikiza deni la miaka mitatu. Angekwenda kuomba nafuu mapema, nayo ingetolewa kwa kipimo. Kurekebisha amri si silaha ya mama peke yake. Ni kinga ya baba mwaminifu aliyeanguka.

Hapa nailaumu serikali pia. Koboko ilikuwa sehemu ya Arua hadi ilipofanywa wilaya mwaka 2005, lakini wilaya haiwi karibu na mtu kwa kubadilishwa ramani tu. Mama wa Abuku akipanda bodaboda kwenda mahakamani, akaambiwa hakimu hayupo, rudi wiki ijayo, amekwisha kutumia fedha ya sabuni ya mwezi. Tena lugha ya mahakama ni Kiingereza. Anapewa karatasi inayotawala maisha ya mtoto wake, na haiwezi kuisoma. Atajuaje kwamba inaweza kubadilishwa?

Nadai mambo mawili, na wala si makubwa. La kwanza: kila amri ya malezi na matunzo isomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoijua mhusika, Kikakwa, Kilugbara au Kiswahili, siku ileile inapotolewa, pamoja na sentensi moja: “Hali ikibadilika, rudini.” La pili: kila amri iwe na siku ya kutazamwa upya. Siku hizo hazihitaji mtaalamu wa kuzipanga; mtoto anapoanza shule ya msingi, anapoingia sekondari, na hatua nyingine kubwa hadi afikishe miaka 18. Wazazi wangejua tangu mwanzo kwamba watarudi, na kurudi kusingekuwa tena tangazo la vita.

Jibu la swali

Nani analea wazazi wakiachana? Wote wawili, kila mmoja kwa sehemu yake, na mahakama ni ya kuwakumbusha wanaposahau. Baba anayesema “mambo yalikwisha 2013” amechanganya ndoa na mtoto. Kilichokwisha ni ndoa. Binti yuko darasani sasa hivi, amekua kuliko karatasi yake, na anasubiri mmoja wa watu wazima wake akubali kulitamka hilo mbele ya hakimu.

Msamiati

Amri: agizo la mahakama ambalo lazima lifuatwe.
Malezi: kazi na haki ya kukaa na mtoto na kumwongoza.
Matunzo: mahitaji ya mtoto yanayogharimiwa na mzazi.
Rehani: kitu kinachoshikiliwa hadi deni lilipwe.
Ustawi: hali njema ya mwili, akili na maisha.
Kusuluhisha: kuwapatanisha wanaogombana.

Maswali ya mjadala

1. Eleza tofauti kati ya talaka na amri ya malezi. Kwa nini moja hukamilika na nyingine huendelea?
2. Mwandishi anasema baba na mama wa mfano wamekosea mara mbili kila mmoja. Je, unakubali? Toa sababu.
3. Andika barua ya aya tatu kwa hakimu, ukiwa baba ambaye biashara yake imeanguka. Tumia maneno “hali imebadilika” na “naomba.”
4. Kutokana na kitenzi -tunza, unda nomino nne na utumie kila moja katika sentensi.